Pasi Zisizoandikwa

"Kama hakuna aliyefika Marekani, mzee wangu, basi hukubahatika kupata kipaji."

Kijana aliyeniambia maneno hayo hakuwa na nia mbaya. Ni kocha, ana vyeti vyake, na watoto pale Kidongo Chekundu anawafundisha kwa moyo wote. Alinipa shikamoo, akanipisha kivulini, akaniuliza kati ya vijana wote niliowafundisha mpira wa kikapu hapa Dar es Salaam ni yupi aliyefika mbali. Nilipomwambia kwamba hakuna aliyepanda ndege, akanipa pole. Tangu siku hiyo kijana mmoja wa Ilala hanitoki kichwani, na nimeona heri nimwandike. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hapendi, na waliocheza naye watamtambua kabla sijafika mbali.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya shule, sakafu ya saruji iliyopasuka upande mmoja, na ufa wenyewe ulikuwa na majani yaliyoota humo kila masika. Ubao wa goli ulikuwa wa mbao kweli, umepakwa rangi nyeupe iliyobanduka, na ringi ya upande wa barabarani ilikuwa imeinama kwa mbele kwa sababu ya watoto waliokuwa wakining'inia hapo. Taa hazikuwapo. Tulicheza mpaka mpira usionekane. Na ile harufu! Kiwanda cha bia cha Barabara ya Uhuru hakikuwa mbali nasi, na jioni upepo ukigeuka ilitujia harufu ya shayiri inayochemshwa, nzito, yenye utamu fulani wa kukera, ikachanganyika na moshi wa mihogo ya mama aliyekaanga pale langoni. Hata leo nikiisikia, mikono inatafuta mpira.

Daftari langu la mahudhurio linasema alianza Machi 1993. Dada yake anashikilia kwamba ilikuwa wakati wa ule mgao mkubwa wa umeme, yaani mwaka uliofuata. Tumebishana vya kutosha. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, wa kimo cha kawaida, na kwa siku kadhaa hakucheza kabisa. Alikaa juu ya tofali kando ya mstari, kidevu mikononi, akitutazama. Nilidhani anamsubiri kaka yake. Siku niliyomwita aingie kwa kuwa tulipungukiwa mtu mmoja, nilikuta kwamba tayari anawajua wachezaji wangu wote: nani anageukia kulia tu, nani hawezi kudaka pasi ya juu, nani akichoka huanza kukasirika. Aliwapa mpira kila mmoja pale anapoupenda. Hakuna aliyemfundisha hayo.

Nataka msomaji kijana alielewe jambo hili vizuri. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mpira wa kikapu wa Marekani tuliujua kwa mikanda ya video iliyopita mikono mingi, ile ya kikosi cha Barcelona 1992, picha ikitetemeka na sauti ikikatika, na kwao hakukuwa na deki. Kwa hiyo alichokuwa akifanya hakukiiga kokote. Alikitoa kwenye macho yake mwenyewe, pale juu ya tofali.

Aliyelitambua jambo lake kabla yangu alikuwa fundi viatu.

Fundi huyo alikaa chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka langoni, na kipande cha gunia mbele yake. Vitu vyake vilikuwa vichache: nyundo, kisu kilichochakaa kwa kunolewa, sindano ndefu, uzi wa nailoni aliouvuta kwenye kipande cha nta, kopo la gundi, na tairi kuukuu la gari alilolikata polepole mwaka mzima. Wachezaji wangu wote walikuwa wateja wake. Raba zetu zilitoka kwenye mitumba ya Karume, na saruji haina huruma na soli. Fundi alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa mtu yeyote. Aliikwangua soli kwa kipande cha msumeno mpaka iwe na vinyweleo, akaikwangua na raba ya tairi vilevile, akapaka gundi pande zote mbili, kisha akaacha. Ukimharakisha, alikurudishia kiatu chako. Alisubiri gundi inate kidoleni bila kulowesha, ndipo alipozikutanisha, akagonga kuanzia katikati kwenda pembeni, na mwisho akazungushia uzi. Viatu alivyoshona yeye havikuachama.

Jioni moja aliniita.

"Mwalimu, huyu mtoto wako mwembamba anakanyagaje?"

"Kwani vipi, fundi?"

"Wenzake wote wanamaliza kisigino. Tazama huyu." Akaigeuza raba. Kisigino kilikuwa kizima, alama za kiwandani bado zinasomeka. Lakini chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto palikuwa na tundu la ukubwa wa shilingi, limetoboka hadi kwenye magazeti aliyojazia ndani kwa sababu viatu vilikuwa vikubwa.

Nilirudi uwanjani nikamtazama miguu tu, jioni nzima. Fundi alikuwa amesoma sawasawa. Kijana alikuwa akisimama kwa ncha ya miguu, magoti yamekunjwa, na mguu wa kushoto ndio aliougeuzia mwili mzima. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuka upande huu na upande ule, ameona. Wengine walipokea mpira kwanza ndipo wakatazama. Yeye alitazama kwanza. Muda unaopotea hapo ni mdogo sana, lakini katika mpira wa kikapu huo ndio muda wenyewe. Tangu hapo fundi akawa anamtoza nusu ya bei, na siku za mechi alifunga gunia lake mapema akaja kusimama karibu na goli, macho chini.

Kuna mechi moja ya ligi ya mkoa ninayoikumbuka kwa kitendo kimoja. Wakati huo tulicheza vipindi viwili vya dakika ishirini ishirini. Robo nne zilikuja 2000. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, dakika ya mwisho inaanza, akapokonya mpira na kutoka nao mbio. Mbele yake mlinzi mmoja tu. Kulia kwake alikimbia mfungaji wetu bora, mkono umeshainuliwa kuomba. Kijana akamtazama huyo wa kulia, mlinzi naye akamfuata kwa macho, na mpira ukaenda kushoto, kwa pasi ya kudundisha chini ya mkono, kwa kijana wetu mrefu, mzito, ambaye siku hiyo alikuwa amekosa kila alichorusha. Akafunga. Benchi zima lilisimama. Mimi nilikaa, miguu ilikataa.

Baadaye nikamuuliza kwa nini alimpa yule.

"Alikuwa hajagusa mpira muda mrefu, mwalimu. Angesahau kwamba yumo."

Alikuwa na miaka kumi na sita hivi. Nimehudhuria kozi za ukocha, nimewasikia wakufunzi kutoka nje, na sijasikia maelezo ya kazi ya mchezesha timu yaliyo bora kuliko hayo.

Enzi hizo kumhusudu mchezaji kulikuwa na namna yake. Makocha wa timu pinzani, watu wa Pazi, wa Vijana, wa timu za majeshi, walikuja kusimama nyuma ya benchi letu baada ya mechi, wakajifanya wanazungumzia waamuzi, kisha mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mlee." Maneno mawili, lakini yalikuwa mzigo. Kulea kulimaanisha unakwenda kwao jioni, unakaa kwenye kiti unachopewa, unamweleza mama yake kwa nini mtoto anachelewa kurudi, unaomba kuona ripoti ya shule. Kulimaanisha unamnunulia madaftari bila kumtangazia mtu. Mama yake aliniambia, "Mwalimu, mimi mpira siujui. Ila akirudi kwako hanijibu vibaya." Nilikuwa nikimwangalia yule mtoto akicheza, nikarudi nyumbani nikashindwa kulala kwa furaha. Wala sikumwambia. Nilimwambia aongeze mkono wa kushoto.

Leo naona kijana akiruka vizuri mara moja, simu tano zimeshainuliwa. Jioni picha yake imezunguka mji mzima, keshokutwa ana mtu anayejiita wakala. Hakuna aliyekwenda kwao. Anapoumia goti, na kwenye saruji magoti huumia, wale wa simu hawapo, na mama yake ndiye anayeuza kitanda. Hili linaniuma na sitalipamba.

Alimaliza kidato cha nne, alama zake za wastani, akapata kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Jioni aliendelea kucheza. Mwaka 2000 sheria zikabadilika, muda wa kushambulia ukashuka kutoka sekunde 30 hadi 24, na wengi wa rika lake wakalalamika kwamba mchezo umekuwa wa mbio. Yeye alinufaika, kwa kuwa tangu mwanzo hakuwahi kuhitaji hizo sekunde zote. Kisha ikaja ile miaka ambayo michezo ya mashuleni ilisimamishwa, na hapo ndipo tulipopoteza kizazi kizima. Watoto waliopaswa kukaa juu ya tofali na kutazama hawakuwa na cha kutazama. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, iliporudi, walimu waliojua kikapu walikuwa wamehama au wamestaafu.

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet akachaguliwa wa pili na Memphis, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Kijana wa Dar es Salaam, aliyepita Makongo, aliyeanza mchezo huu akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano! Nilifurahi mpaka machozi, na bado najivunia. Ana urefu wa mita 2.21, na alifanya kazi kubwa chuoni Connecticut hadi kufika pale. Lakini sisi huku tulijifunza nusu tu ya somo. Tulichukua futi tukaanza kupima. Nimeona usaili wa vijana ambapo mtoto anaulizwa urefu kabla hajapewa mpira, na wafupi wanaambiwa wasubiri upande ule. Kijana wangu wa Ilala angeambiwa asubiri upande ule.

Mwaka uliofuata, 2010, FIBA ikabadili mistari. Eneo la chini ya goli, lililokuwa limepanuka kuelekea mstari wa mwisho, likawa mstatili, na mstari wa pointi tatu ukasogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Ukitaka kujua uwanja ulisahauliwa lini, tazama rangi. Uwanja wetu haukupakwa tena. Ile mistari ya zamani ilibaki pale mpaka magari yalipoanza kuegeshwa juu yake, kisha yakaja makontena mawili ya duka, na mara ya mwisho kupita ringi zilikuwa zimekatwa kwa msumeno wa chuma. Nguzo moja inatumika kufungia kamba ya nguo. Mwarobaini ulikatwa zamani. Fundi alirudi kwao Rufiji na akafia huko, Mungu amrehemu.

Nilikwenda kwenye mafaili ya zamani kumtafuta kijana wangu, nipate cha kumwonyesha yule kocha wa Kidongo Chekundu. Fomu za alama zipo chache, zimeliwa na mende pembeni. Nikampata. Mechi ile ya pasi ya kudundisha: pointi 4, madhambi 2. Basi. Fomu ya alama huandika mabao, madhambi na mapumziko yanayoombwa na kocha. Haina mahali pa kuandika nani alitoa pasi. Kwa mujibu wa karatasi, siku ile alikuwa mchezaji wa kawaida, na yule kijana mzito ndiye shujaa wa dakika ya mwisho. Kila alichokuwa nacho kimepita nje ya safu za fomu ile, na wanaokikumbuka wanapungua kila mwaka.

Ana watoto sasa, na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Jumapili asubuhi hucheza na wazee wenzake. Nilikwenda kumwona hivi karibuni, bado anasimama kwa ncha ya miguu.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa vyama vya mikoa, na kwa walimu wote wanaosimamia kikapu mashuleni. Kila mechi, hata ya watoto wa darasa la sita, mwekeni mtu mmoja mezani aandike pasi zilizozaa mabao na mipira iliyopokonywa. Mpeni mtoto aliyeumia asiyeweza kucheza, ataifanya kazi hiyo kwa furaha na atajifunza kutazama. Kinachohitajika ni daftari na kalamu. Anzeni na mechi za Jumamosi hii, na madaftari yakijaa msiyatupe.