Diski Imekataa Kufunguka na Nyinyi Mnauliza Bakapu

Watu wangu, kuna swali ambalo ukipoteza faili utaulizwa hadi na watoto: "Si ungeweka bakapu?" Linaulizwa kwa ile sauti ya mtu anayekuuliza mwavuli uko wapi na tayari umelowa chapachapa. Binamu yangu ameniuliza. Mwenye nyumba ameniuliza. Hata jamaa wa bodaboda hapa stejini, ambaye simu yake haina hata pini, ameniuliza. Wacha nijibu mara moja tu halafu tuongee mambo ya maana.

Diski yangu ni ya terabaiti moja, na ndani ilikuwa na kama gigabaiti 700 za video. Google inakupa gigabaiti 15 za bure. Piga hesabu, ni akaunti 47. Zile za kulipia zipo, sikatai, lakini kabla ulipie nafasi ni lazima ulipie bando ya kupandisha hizo faili zote, na mimi bando hununua ya siku, kama vile watu hununua mafuta ya kupima. Diski ya pili? Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nachagua kati ya diski na kodi ya nyumba. Kodi ilishinda. Mara nyingi anayekuambia bakapu ni kitu rahisi ni mtu anayetumia waifai ya ofisi.

Na hata wenye pesa huwa wanalia. Mwaka wa 1998, Pixar wakitengeneza Toy Story 2, mtu alitoa amri ya kufuta kwenye kompyuta zao na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kupotea wakitazama. Wakakimbilia bakapu, kumbe bakapu haikuwa ikifanya kazi vizuri. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kiufundi, ambaye alikuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi huko. Kampuni nzima ya kompyuta ikaokolewa na mama aliyekuwa na mtoto mchanga. Kwa hivyo hilo swali wacheni kuniuliza.

Sasa, ni nini kilifanyika. Diski yenyewe haikuanguka, haikumwagikiwa chai, stima haikupotea. Nilichomeka tu jioni moja kama kawaida, taa yake ikawaka, laptopu ikalia ule mlio wake, halafu kikatokea kiboksi kinachosema ati diski inahitaji kuformatiwa kabla itumike. Chini kuna vitufe viwili, na kile cha kukubali ndicho kimeng'aa.

Usikibonyeze. Hata kama hutasoma zaidi ya hapa, shika hilo. Diski huwa na sajili, mahali pa kuandika kila faili iko wapi. Fikiria duka la mtaa na daftari la mwenye duka. Daftari likiraruka, unga bado uko kwenye rafu, sukari bado iko, ni vile tu hakuna anayejua iko wapi. Kompyuta ikikosa kusoma daftari inakuambia duka ni tupu, tuanze upya. Ukikubali inafungua daftari jipya jeupe, na ukianza kuweka vitu vingine vinakalia pale pale vya zamani vilipokuwa. Hapo ndipo vinapotea kabisa.

Hiyo ni kwa diski za kuzunguka. Zile mpya za SSD zina tabia nyingine. Ukifuta faili, kompyuta huiambia diski kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena, na diski huisafisha yenyewe kwa wakati wake, hata wewe ukiwa umelala. Kasi ni tamu, lakini ukishafuta usitegemee sana kurudishiwa.

Kitu kingine ni masikio. Diski ya kuzunguka ina visahani ndani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna vichwa vidogo vya kusomea vinavyoelea karibu sana, umbali mdogo kuliko chembe ya moshi. Diski ikipiga tik, tik, tik, mara nyingi ni hivyo vichwa vinatafuta mahali pa kusoma na havipati. Zima. Kila dakika unayoiacha iwake inaweza kuwa inajikwaruza. Na tafadhali msiifungue mezani na bisibisi, vumbi la chumba linatosha kuimaliza. Mambo ya kuiweka kwa friza ama kuizika kwenye mchele, hayo waachieni wajomba wa WhatsApp.

Yangu haikuwa inalia. Ilikuwa kimya, inazunguka, inakataa tu kuongea.

Sijawaambia ilikuwa na nini. Zile video zangu za kazi, sawa, ziliniuma, lakini nyingi nilikuwa nimeshazipakia na ziko huko mtandaoni. Baba ndiye aliyezililia kuliko mimi, kwa njia yake. Alisema, "Digrii haingekuambia iformatiwe." Huyo mzee hajanisamehe na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kilichoninyima usingizi ni folda moja ya shosho. Desemba niliyotoka chuo nilienda kwake Murang'a na kamera ya kuazima, nikakaa siku tatu, nikamrekodi akiongea Kikuyu chake cha zamani, kile hata mamangu huuliza hapo umesema nini. Faili 11, karibu masaa manne. Shosho alikuwa msichana wa miaka kama 11 wakati wa hali ya hatari. Hiyo ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 watu wa huku Kati wakatolewa kwenye mashamba yao kwa nguvu na kurundikwa kwenye vijiji vilivyozungukwa na mitaro. Shuleni tulisoma hayo kwa kurasa chache, majina ya magavana na tarehe. Shosho alinieleza mtaro wenyewe. Alinieleza mikono ya mamake. Kamera na kadi zake zilirudi kwa mwenyewe, faili zikabaki kwa diski, na shosho tukamzika Februari iliyofuata.

Basi mnaelewa kwa nini nilikuwa tayari kulipa karibu chochote, na kwa nini hiyo hali ni hatari. Kuna watu biashara yao ni uso wako.

Duka la kwanza lilikuwa katikati ya jiji, duka safi lenye vioo. Jamaa wa kaunta hakuichomeka diski hata mahali. Aliigeuza, akaniangalia, akasema 38,000. Nusu sasa hivi, niache diski, nirudi baada ya wiki. Halafu akasukuma fomu: jina, nambari ya simu, paswadi ya laptopu. Nikamuuliza, "Paswadi ya laptopu ya nini, na laptopu naondoka nayo?" Akasema ndiyo utaratibu, madam.

Nilichukua diski yangu nikatoka.

Hapa nataka kuongea na wasichana wenzangu, na vijana pia. Tunapeana diski na simu kwa mafundi kama tunapeana viatu vikashonwe. Humo ndani kuna picha zako zote, za kupakiwa na zisizopakiwa, nakala ya kitambulisho, taarifa za benki, mazungumzo na mtu uliyeachana naye. Mtu anayeweza kuzirudisha ni lazima aweze kuziona, hakuna njia nyingine. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ile ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inakataza mtu kusambaza picha za faragha za mwingine. Ni vizuri ziko. Lakini picha ikishatoka, sheria huja nyuma yake kwa miguu. Kwa hivyo uliza maswali kabla ya kupeana. Kazi inafanyiwa wapi? Nakala zinazobaki kwa kompyuta yako zitafutwa lini? Naweza kukaa hapa nikiangalia? Fundi akikasirika kwa sababu umeuliza, hapo umeshapata jibu.

Fundi wa pili nilielekezwa na rafiki. Yuko orofa ya pili kwenye jengo la vibanda karibu na Luthuli Avenue, mahali pa kukaa ni stuli moja na hiyo stuli iko na waya. Kijana kama mimi tu. Hakuniuliza pesa kwanza. Aliichomeka diski, akaishika mkononi kama mtu anayepima homa, akaiweka sikioni. "Siste, hii haijakufa. Kuna mahali haisomi. Usiichomeke tena kwako." Akanituma nikanunue diski nyingine ya ukubwa huo huo, nikalipa 7,000. Kazi yake akasema 4,000, na asipopata kitu nitampa 500 ya stima. Nilikuwa karibu kulia, si kwa sababu ya bei, ni vile alikuwa ameniambia hesabu yote kabla ya kuanza.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutotafuta faili. Hilo sikulitarajia. Alitumia programu ya bure inaitwa ddrescue, ambayo inanakili diski nzima jinsi ilivyo hadi kwa ile mpya. Akili yake ni hii: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikifika mahali pagumu inaruka na kuandika hapo nitarudi, halafu mwisho ndiyo inarudi kubembeleza zile ngumu. Ukianza na ngumu, diski inaweza kukufia mkononi kabla hujachukua rahisi. Ilichukua siku mbili kasoro kidogo. Nilikuwa nakuja asubuhi na chapati, naketi kwa stuli, naangalia nambari zikipanda.

Ndipo kwenye nakala, si kwenye diski mgonjwa, akaendesha nyingine inaitwa PhotoRec, ya Mfaransa anayeitwa Christophe Grenier, nayo ni ya bure. Hii haijali daftari. Inatembea rafu kwa rafu ikiangalia bidhaa zenyewe, maana kila aina ya faili huwa na alama yake mwanzoni. Picha za JPEG zote huanza na alama zile zile, video za MP4 nazo zina neno lao. Ikiona alama inasema hapa pameanza faili, inaibeba. Shida ni kwamba majina yalikuwa kwenye daftari, kwa hivyo kila kitu kinarudi na nambari tu. Shida nyingine ni kwamba faili ikiwa imekatwa vipande vilivyo mbali mbali, inarudi nusu. Na MP4 nyingi za kamera huweka faharasa yake mwishoni, unapobonyeza kusimamisha rekodi. Ikikosa ule mwisho, unaweza kuwa na gigabaiti nzima ya shosho na isicheze hata sekunde.

Nilirudi nyumbani na maelfu ya faili zisizo na jina. Mamangu alikuja wikendi tukaanza kuzifungua moja moja. Tangazo la mteja. Mimi nikicheza dansi. Tangazo. Ng'ombe wa jirani. Halafu shosho, katikati ya sentensi, anamfukuza kuku.

Kufikia Jumapili jioni tulikuwa tumepata saba zinazocheza vizuri. Mbili zina sauti na picha imevunjika vipande vya kijani, hizo nazihesabu kama zimepatikana. Mbili hazipo. Moja ni ya mapishi, nadhani. Nyingine ni ya mtaro. Fundi amesema atajaribu zile sehemu ngumu mara moja tena, bila malipo, na hakuniahidi kitu.

Mamangu aliniuliza ni ipi iliyokosekana. Nikamwambia. Akanyamaza, akamalizia chai, akasema hiyo aliisikia mara nyingi akiwa mdogo, jikoni, na mamake alikuwa akiisimulia vingine kidogo siku zile. Akaniambia niweke simu mahali haitaanguka. Nikaiegemeza kwa chupa ya chai. Alianza na jina la kijiji, akasimama, akauliza kama inarekodi.