Siku Moja Amu

Tulishuka gatini Amu saa mbili na nusu asubuhi, jumla yetu watu 14: mimi, mama watoto, mama mkubwa wangu mwenye umri wa miaka 81, kina mama watano wa darsa yetu ya Pumwani, na watoto sita wa madrasa. Tulikuwa tumepanda garimoshi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha basi likatupitisha Malindi, Garsen na Witu, tukalala Mokowe kwa jamaa. Fedha ambazo kina mama waliziweka katika chama kwa miezi 18 zilitosha siku moja tu kisiwani.

Siku hiyo niliipanga kama mtu apangaye ratiba ya mtihani. Kwanza Ngome, kisha Msikiti wa Riyadha, kisha swala, kisha mashua itupeleke Takwa, ule mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda, wenye msikiti uliosimamishiwa nguzo juu ya kibla chake. Watoto nilikuwa nimewasomesha Takwa muhula mzima. Nahodha alitutahadharisha kwamba njia ya kule hupita katikati ya mikoko, na haipitiki ila maji yakijaa. Tukikawia gatini baada ya saa nane, basi.

Ngome ilianzwa kujengwa yapata mwaka 1813 ikamalizika 1821, lakini lililowashughulisha watoto ni kwamba ilikuwa gereza hadi 1984. Mmoja wao akaniuliza wafungwa walijuaje kibla ilipo. Nilimwambia nitamjibu baadaye, na hadi leo sijamjibu.

Tulipoelekea Riyadha, mama mkubwa alipandishwa punda, naye akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu matanga ya mama yangu. Niliwaeleza kina mama habari za Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akaja kuwasomesha watoto wa watumwa na wanyonge ambao mji haukuwapa nafasi katika darsa zake. Nilieleza vizuri, alhamdulillahi. Ila wakati nikieleza, moyo wangu ulikuwa ukinisuta, na ni wajibu wangu kusema kwa nini.

Bibi yangu alikuwa mzaliwa wa Amu, mtaa wa Langoni. Aliolewa akapelekwa Pangani ya Nairobi, kabla kijiji kile hakijavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha akamalizia umri wake Pumwani bila ya kurudi. Binti zake wawili, mama yangu na mama mkubwa, walilelewa kwa habari za nyumba ile: iko nyuma ya Riyadha, ina kisima ndani, ina mti wa asumini uani. Mama aliniomba nimlete aione. Mimi nimekuja Amu mara tatu kwa Maulidi, na kila mara nilimwambia miguu yake haitaweza, au nauli ni ghali. Nauli yangu ilipatikana. Mama alifariki miaka minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi mama mkubwa aliposema, "Sasa tuitafute," sikuwa na ulimi wa kumkatalia. Nilijua pia jambo ambalo sikumwambia, kwamba nyumba nyingi za Langoni zama zile zilikuwa za makuti, na makuti hayangoji miaka 90.

Tulizunguka vichochoro. Tuliuliza wazee watatu, na kila mmoja alituelekeza upande wake. Saa sita ikapita. Hatimaye mama mkubwa akachoka, akaketi katika daka la nyumba tusiyoijua, na mwanamke makamo akafungua mlango. Hakuuliza sisi ni nani. Alisema tu, "Ndoo, bibi, ndoo ndani."

Watoto wakaangua kicheko, maana kwao ndoo ni ile ya kutekea maji. Mama mkubwa hakucheka. Alisimama mwenyewe, bila mkongojo, akasema, "Mama alikuwa akituita hivyo hivyo." Akaingia, na kina mama wote wakaingia nyuma yake.

Mimi nikabaki nje na watoto. Ndivyo adabu itakavyo, na adabu siku ile ilikuwa nzito. Nilisikia maji yakitekwa, nikasikia vikombe, nikasikia sauti ya mtu akilia na nyingine ikimwombea. Adhana ya dhuhuri ikaadhiniwa, nikaenda na wavulana tukaswali, tukarudi. Mlango bado umefungwa. Saa saba na nusu nikabisha. Mama watoto akachungulia, macho mekundu, akaniambia kwa upole ambao hauna mjadala, "Sheikh, mashua iende."

Nilimpigia nahodha. Kisha ilinibidi niwatazame watoto sita na kuwaambia kwamba Takwa hatuendi. Yule aliyeuliza habari za kibla alinigeuzia mgongo. Nilimnunulia haluwa. Aliila, lakini hakunisamehe, na sioni kwamba alikosea, kwani ahadi kwa mtoto ni ahadi.

Walitoka karibu na saa tisa. Mama mkubwa alikuwa na chupa ya maji na kitambaa kilichofungwa maua ya asumini. Nilimwuliza, "Kumbe ndiyo nyumba yenyewe?" Akanitazama kama anitazamavyo tangu nikiwa mdogo.

"Kisima kimo," akasema.

Asumini huuzwa Amu nzima, na visima havihesabiki. Sikusema neno. Nimewauliza kina mama yaliyopita mle ndani, mmoja mmoja, hata mke wangu, na kila mmoja hunijibu kwamba walikunywa kahawa.

Tulipovuka kurudi Mokowe jua lilikuwa limeelekea magharibi. Mama mkubwa aliifungua chupa, akanywa funda moja, akampa yule mvulana aliyeninunia. Kisha akanipa mimi. Maji yalikuwa na chumvi kidogo.