Sahani zinazooza kabatini

Haya wasomaji, chekeni: mimi hukusanya LaserDisc. Hizi ni sahani za video zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1978, zenye upana wa sentimita 30, sawa na santuri za babu. Upande mmoja hubeba saa moja tu, kisha unainuka kuigeuza. Pioneer ilitangaza mwaka 2009 kuwa inaacha kutengeneza deki zake.

Mbona nihangaike? Star Wars za asili zilipotolewa kwa DVD mwaka 2006, zilitumia nakala iliyoandaliwa kwa LaserDisc mwaka 1993. Kumbe ya kale huokoa!

Tatizo ni kwamba sahani huoza. Hewa ikifikia tabaka la alumini, picha hujaa vidoadoa. Kuinakili si kama CD, maana picha yake ni ya analojia. Hapo ndipo programu huria ya ld-decode husaidia: mawimbi ghafi ya leza hurekodiwa, kisha kompyuta huyageuza kuwa video.

Kwangu sahani adimu hunakiliwa kwanza, kabati baadaye. Nanyi, ile kanda ya VHS ya harusi ya wazazi mnaisubirisha nini?