Taa ya kutafutia mishipa: tuchange au tusichange?

Shemeji yangu wa Kiembe Samaki ameona video ya kifaa kinachomulika mkono wa mtoto, na mishipa ikajitokeza juu ya ngozi kama mistari. Akalitia wazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: tuchange, tukinunue, tukipeleke hospitali. Watu wakaanza kuahidi. Kisha akanipigia: "Shemeji, wewe ndo unaandika mambo ya afya. Kinafaa au hakifai?"

Hamu yake naielewa. Binti yake wa miezi 10 aliharisha mpaka macho yakazama, akachomwa sindano mara tano ndipo dripu ikakaa. Aliyeipata ni nesi mtu mzima aliyeitwa kutoka wodi nyingine. Alipapasa kwa kidole, akatulia, akachoma mara moja.

Kifaa chenyewe si uongo. Hutoa mwanga tusioweza kuuona, damu huufyonza, na picha ya mshipa huchorwa juu ya ngozi. Lakini kuuona mshipa si kuuingia. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kanada kwa watoto 418. Baadhi walitafutiwa mshipa kwa mwanga huo, wengine kwa ultrasaundi, na waliobaki kwa macho na vidole tu. Katika kupata mshipa mara ya kwanza, hakuna kifaa kilichovishinda vidole.

Ultrasaundi ina pake, hasa mpira unapoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Taasisi ya NICE ya Uingereza iliipendekeza kwa kazi hiyo mwaka 2002, ikapiga hesabu kwamba gharama haiongezeki hata pauni 10 kwa mgonjwa. Ila hesabu hiyo ni ya mashine inayotumika mara 15 kwa wiki! Mashine ya kukaa kabatini kwa sababu aliyefundishwa kuitumia yuko likizo, hiyo ni ghali hata ikitolewa bure.

Nimemwambia tuwaulize kwanza wauguzi wanapungukiwa na nini. Huenda ni kanula ndogo za watoto, huenda ni mafunzo. Na sisi wazazi tuanze kumpa mtoto maji ya ORS mapema, kwani akikauka mishipa hujificha. Sindano ikikosa mara mbili, uliza kwa upole kama yupo mwengine mwenye uzoefu zaidi.

Shemeji hajaridhika. Fedha ziko kwa mshika fedha, na kikao ni Jumamosi.