Jina Lililo Ndani ya Kanda

Jumatatu, 3 Juni 2024

Saa kumi jioni Amanda, programu yetu ya bekapu, imeleta barua pepe: kanda iliyo kwenye draivu bado ina kazi, haiandikiki. Inataka Kila-07 au kanda mpya. Nimeteremka chumba cha seva, nikaitoa kaseti. Stika ya ubavuni ni 07, wino mzito, haina utata. Amanda inasema ni 12.

Nimeisadiki Amanda. Stika hubandikwa na mtu mwenye haraka, ilhali programu imesoma kilicho kwenye sumaku yenyewe. Nimetafuta kaseti yenye stika ya 12, nikaiingiza, na kweli ndiyo 07. Pengine zilipishana siku ile tulipopanga kabati upya.

Ninachokithamini zaidi ni saa ya ukaguzi huu wa kanda. Bekapu huanza saa nne usiku. Ukaguzi tumeupanga saa kumi jioni, watu wakiwa bado ofisini na funguo zikiwa mkononi. Kanda isiyofaa ikikutwa usiku, Amanda haisimami, huweka mabadiliko ya siku kwenye diski ya muda, lakini kwa mipangilio ya kawaida nakala kamili hubaki zikisubiri.

Jumanne, 4 Juni

Kijana wa zamu kauliza: "Dada, inalijuaje jina bila kuisoma kanda nzima?" Swali zuri, tukalifanyia kazi papo hapo. Tumeirudisha kanda mwanzo na kusoma bloku ya kwanza peke yake, kilobaiti 32. Kwenye skrini ukatoka mstari huu:

AMANDA: TAPESTART DATE 20240603 TAPE Kila-07

Maandishi ya kawaida ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Tarehe ni ya jana kwa sababu kila bekapu inapoanza, lebo huandikwa upya. Kanda iliyopewa jina lakini haijatumika huwa na herufi X mahali pa tarehe.

Baada ya hapo Amanda hupima jina. Linafuata mtindo uliowekwa kwenye mipangilio? Kama ndiyo, linatafutwa kwenye orodha ya kanda. Mzunguko wetu ni wa kanda 20, na kanda haifutwi mpaka nyingine 19 ziwe zimeandikwa baada yake. Ile 12 iliandikwa tarehe 13 Mei, na hadi ukaguzi wa jana zilikuwa zimefuata 14 tu. Jina lake lilikuwa halali kabisa; muda wake ndio ulikuwa haujafika. Kijana alidhani programu inatafuta kanda ngeni tu. Kumbe hatari kubwa zaidi ni kanda yetu wenyewe, iliyoingizwa kabla ya siku yake.

Alhamisi, 6 Juni

Kwenye kikao nimeambiwa ukaguzi huu unatuchelewesha, na kwamba amri ya kuweka lebo ina njia ya kulazimisha, kwa nini tusiitumie? Nimekataa, na sababu naziandika hapa nisije nikalegea siku nyingine.

Kanda si diski. Kwenye diski unaweza kuandika kipande kimoja na jirani zake wakabaki salama. Kwenye kanda, draivu ikimaliza kuandika huweka alama ya mwisho wa data, na kwa amri za kawaida haivuki alama hiyo tena. Kanda ya LTO-8 ina urefu wa mita 960 na hubeba terabaiti 12. Lebo mpya ya kilobaiti 32 pale mwanzoni inatosha kuzifungia zote. Sumaku ya huko mbele haijaguswa, data imo, lakini hatuifikii bila mafundi maalumu na fedha nyingi. Ndiyo maana jina lazima lisomwe kabla ya kuandika chochote. Hakuna nafasi ya kusahihisha baadaye.

Wazee wa mashine kubwa za IBM walilijua hili zamani. Lebo yao ya VOL1 ni herufi 80, sita kati yake zikiwa jina la kanda, na lebo inayofuata hubeba tarehe ya kuisha muda. Wengi waliandika 99365, yaani siku ya 365 ya mwaka 99, wakimaanisha isifutwe kamwe. Kisha 1999 ikakaribia, na siku hiyo ikawa siku ya kweli kwenye kalenda.

Jumatatu, 10 Juni

Leo ni zamu ya Kila-12, na ukaguzi umepita bila neno. Stika zote tumezibandika upya, kila moja baada ya kusoma lebo ya ndani.

Hata hivyo lebo sahihi haisemi lolote kuhusu mita zinazofuata. Ukaguzi wa saa kumi unathibitisha jina na zamu, basi. Kwa hiyo asubuhi nimeirudisha 07 kwenye draivu, nikatoa folda moja ya uhasibu, nikaiweka pembeni na kufungua faili moja moja pamoja na mhasibu. Zote zimefunguka. Nimeandika ombi tupewe asubuhi moja kila mwezi kwa jaribio hili, kanda ikichaguliwa bila kupangwa. Kesho nampelekea mkuu wa idara mkononi.