Redio ya Dukani Lusangi

"Mjomba, mlimchaguaje mtu ambaye hamjaona hata video yake?"

Aliyeniuliza ni mtoto wa dada yangu, aliyepiga kura kwa mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 2023. Hakuuliza kwa dharau. Kwake na kwa wenzake kampanye ni kitu cha kutazama kwenye simu: mgombea anacheza, mgombea anagawa vitenge, mgombea anamtukana mwenzake. Siku ile nilimjibu kwa kifupi, maana rafiki zake walikuwa wanamngoja barabarani. Jibu lenyewe ni refu.

Lusangi ya utoto wangu, kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, ilikuwa na duka moja lenye redio ya kutegemewa. Mwenye duka aliinunua Kindu. Mimi nilishika kwamba ilikuwa 1968. Dada yangu anasema 1969, mwaka aliozaliwa mdogo wetu. Iwe vyovyote, uchaguzi wa 1970 uliikuta pale rafuni, imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa na mke wake, na waya mrefu umetoka dirishani hadi kwenye mwembe.

Ukiingia dukani mle, kilichokupokea kwanza ni harufu. Mafuta ya mawese kwenye pipa, ndakala wa Tanganyika ndani ya gunia, sabuni ya kukatwa vipande, mafuta ya taa. Juu ya harufu hizo ilikuwepo nyingine, kali kidogo, ya betri kuukuu. Betri zilizochoka hakuzitupa. Alizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, akizigeuza kila mara, na jioni alizirudisha ndani ya redio zikiwa na nguvu ya taarifa moja ya habari. Moja tu. Wakati wa muziki hakuifungua hata wazee wakimsihi.

Na taarifa ikiisha, aliizima papo hapo. Nimeishi miaka mingi kabla ya kuelewa kwamba malezi yetu ya siasa yalitokana na kuzimwa kwa redio ile. Ikinyamaza, hatukuwa na cha kusikiliza isipokuwa sisi wenyewe. Mwenye duka aliegemea meza, akauliza: "Nani amesikia tofauti?" Mwalimu wa shule ya msingi, aliyejua Kifaransa, alisema wazungu wametangaza hivi. Shehe mmoja aliyekuwa na ndugu Ujiji alileta ya Redio Tanzania. Mwingine alikuwa ameinasa Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwa jirani. Dereva wa lori kutoka Bukavu alikuwa na yake, na huyo alihojiwa kuliko wote: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Na nani? Lini? Mama aliyeuza mihogo mlangoni hakukosa swali lake, na lilikuwa lile lile kila jioni: "Barabara wameitaja?" Hawakuwa wameitaja.

Katika uchaguzi ule wa 1970 mgombea alikuwa mmoja, na karatasi mbili: ya kijani kumkubali, nyekundu kumkataa. Redio ya taifa ikatangaza kura zaidi ya milioni 10 za kumkubali Rais Mobutu, na 157 za kumkataa. Nilikuwa mtoto, nimekaa chini karibu na gunia la chumvi. Mwenye duka alizima redio, akakaa kimya, kisha akauliza: "Nchi nzima hii, watu 157 tu?" Hakuna aliyejibu. Walinunua walichonunua, wakaenda nyumbani. Jioni ile niliona kwa macho yangu kwamba mtu anaweza kusikia habari na asiimeze, hata kama hawezi kuikataa kwa mdomo.

Ndiyo maana nakasirika ninapowaona vijana kumi wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja na sauti yake sikioni, wa kwanza hajui wa pili amesikia nini. Nakasirika zaidi ninaposikia kwamba habari ni ya kweli kwa sababu imetumwa na yaya aliyeko Kindu. Uliona mwenyewe, au uliambiwa? Swali hili halimwudhi mtu kijiweni, lakini kwenye kikundi cha simu aulizaye huonekana ametumwa na mpinzani.

Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, redio ilikuwa nyingine ila rafu ilikuwa ile ile. Mwenye duka hakuuona uchaguzi wa vyama vingi. Vita vilipopita, duka halikuwa na bidhaa. Baadaye halikuwa na mlango.

Radio Okapi ilianza Februari 2002, ikasema na watu kwa Kiswahili chetu pamoja na Kifaransa, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Ilitufaa sana, na nasema hivyo bila kusita. Kisha ukaja mwaka 2006 na wagombea urais 33. Hapa vijana wanaoamini kwamba vyombo vya habari ndivyo vinavyoamua kila kura wanisikilize. Huku kwetu hakuna redio iliyomshawishi mtu mwaka ule. Tulisema Joseph Kabila ni mtoto wa dada yetu, kwa kuwa mama yake, Sifa Mahanya, ni Mbangubangu kama sisi, na mjadala ukafungwa hapo. Redio ingesema nini juu ya damu? Swali la yule mama wa mihogo halikuulizwa na mtu.

Uchaguzi wa 2011 ulipita kwa vurugu zake. Kufikia wakati huo redio ndogo zilikuwa zimeota Kasongo na kwingineko, na wanasiasa walikuwa wamekwisha jua thamani yake. Nimesikiliza redio moja, sitaitaja, ikimsifu mgombea mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na mpinzani wake akiambiwa alipe kwanza ndipo asalimie.

Mwaka 2018 ikaja mashine ya kupigia kura. Siku moja baada ya kura, tarehe 31 Desemba, serikali ikakata intaneti kwa karibu siku 20, ikisema inazuia matokeo ya uongo yasienee. Na redio ya Ufaransa, RFI, ikanyamazishwa. Uongo uliendelea kufika kwetu kwa pikipiki, tena bila chombo cha kuupima. Wiki zile vijana walikuja wenyewe kuuliza nani ana redio yenye betri.

Nimewauliza vijana wa hapa wanaonaje. Binti anayeuza vocha alinijibu bila kuzunguka: "Papa, redio ni ya mgombea. Simu ni yangu." Ana haki. Desemba 2023 ni simu zilizoonyesha mashine za kura zikiwa ndani ya nyumba za watu, na tarehe 5 Januari 2024 tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine. Redio ya dukani isingeweza kuonyesha hilo. Kijana mwingine aliniambia haamini chochote, na alimpigia kura aliyempa fulana, kwa sababu wote ni wale wale. Jibu hili lilinisumbua kuliko la binti. Asiyeamini chochote hushindwa kupambanua kama aaminiye kila kitu, na mgombea mwenye pesa anawapenda wote wawili.

Wapo pia wanaoogopa. Sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayesambaza habari za uongo kwa makusudi. Mwaka huo huo mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa kwa ajili ya makala ambayo mwenyewe alisema hakuiandika, akakaa gerezani miezi sita. Kijana akisikia hayo hajifunzi kupima habari, anajifunza kunyamaza. Tusiwaite wajinga kabla ya kuitazama njia tuliyowaachia.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa hesabu ya katiba, ni 2028. Wenye redio za Kasongo na Kabambare, nawaomba: tengeni saa moja kila wiki, tangu sasa, ambapo mgombea asiye na kitu ataongea bila kulipa, na msikilizaji atamhoji hewani kwa Kiswahili. Mapadri, mashehe, walimu, fungueni ukumbi jioni moja vijana wasikilize pamoja, kisha zimeni redio na muwaache wabishane. Nanyi vijana, mgombea akifika Lusangi na wapiga picha wake, mwulizeni barabara ya Kabambare, na jibu lake lirekodini lote.