Deni Lisikuchagulie Shule

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesikia unakaribia kumaliza shahada ya uzamili ya ushauri nasaha wa shule huko Minnesota, na kwamba kila kazi unaipima kwa deni la masomo itakalokufutia. Usione haya. Wapo wanaosema anayehudumia watoto wenye huzuni hapaswi kutaja fedha, siwaafiki. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi nzima bado unapita 370. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na huruma. Kazi inadai shahada ya pili, na aliyelemewa na marejesho ya kila mwezi atahamia kliniki binafsi, watoto wabaki na mgeni mwingine. Msamaha wa deni ni sehemu ya ujira wako.

Lakini ni ujira unaolipwa mwishoni. Mpango mkuu wa serikali ya shirikisho, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, hufuta salio baada ya malipo 120, yaani miaka 10 hivi. Ukiiacha kazi ya umma ukiwa na malipo 110, hupati hata senti. Si lazima malipo yafuatane, wala yote yafanyike ukiwa shule moja, ila kila mwajiri awe serikali au shirika lisilotafuta faida. Hapo wengi hunaswa: shule ni ya umma, kumbe anayewalipa ni kampuni ya wakala, na miezi yao haihesabiwi. Halafu chagua marejesho yanayofuata kipato, kwani ule utaratibu wa kawaida wa miaka 10 utakuwa umelimaliza deni lote kabla ya msamaha kufika. (Msamaha wa walimu wa hadi dola 17,500 usikusumbue, washauri hawamo.)

Kwa hiyo swali la kwanza kwa shule yoyote ni kama utaweza kudumu katika kazi hiyo. Panapokuwa na wanafunzi 600 kwa mshauri mmoja, naye bado anapangiwa kusimamia mitihani na zamu ya chakula, ahadi ya msamaha ni kubwa kwenye karatasi tu. Mimi ningechukua mshahara mdogo kidogo mahali penye mzigo unaobebeka. Utaniambia ipo mipango ya miaka miwili inayolipa mapema, kama ule wa afya kwa wenye leseni wanaokwenda maeneo yenye uhaba. Ni mizuri, lakini ukivunja mkataba unarudisha fedha pamoja na adhabu, kwa hiyo swali la kudumu liko palepale.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kutegemea msamaha ni siasa. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kusitisha ruzuku za takriban dola bilioni 1 za afya ya akili shuleni, zilizotokana na sheria ya 2022 iliyopitishwa baada ya mauaji ya shuleni huko Uvalde. Na waombaji wa kwanza wa msamaha wa 2007 walipofikisha miaka yao 10, karibu 99 kati ya 100 walikataliwa, wengi kwa sababu ya aina ya mkopo au utaratibu wa kulipa. Hata hivyo, kanuni ziliporekebishwa, hadi mwishoni mwa 2024 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamefutiwa. Ruzuku hutegemea bajeti. Msamaha huu umo ndani ya sheria, na kuuondoa ni kazi ya Bunge. Basi jaza fomu ya kuthibitisha mwajiri kila mwaka, usingoje wa kumi, na nakala zote uzitunze mwenyewe.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako